Hukumu ya Binafsi na Hukumu ya Mwisho: Kanisa Linafundisha Nini?

Kila Dominika, baada ya homilia, tunasimama na kukiri kwamba Bwana wetu Yesu Kristo atakuja kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba huweza kupita midomoni bila kuugusa moyo. Lakini mauti yanapobisha hodi nyumbani, au tunapomwona mdhalimu akistawi, habari ya hukumu huacha kuwa somo la katekesi tu na kuwa jambo la maisha yetu.

Padre wa parokia huulizwa mara kwa mara maswali matatu. Mjane ambaye mumewe amefariki ghafla kwa ajali ya barabarani huuliza: "Padre, hakuwahi kuungama wala kupakwa mafuta. Sasa yuko wapi?" Mzee aliyenyang'anywa shamba, kisha akamwona aliyemnyang'anya akizikwa kwa heshima zote, huuliza: "Je, ndiyo yameisha hivyo?" Na kijana aliyepokea katika simu yake ujumbe unaotaja tarehe ya mwisho wa dunia huuliza kama kuna haja ya kuendelea na masomo. Makala hii inaeleza kwa ufupi mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu hukumu ya Mungu, ili maswali hayo yapate jibu la imani badala ya jibu la hofu.

Hukumu katika Maandiko Matakatifu

Tunaposikia neno "hukumu", wengi wetu tunawaza mahakama, kizimba na kifungo. Katika Agano la Kale neno hilo lina maana pana zaidi. Mungu anapohukumu, ananyoosha yaliyopinda, anamtetea yatima na mjane, anamrudishia mnyonge haki yake. Ndiyo maana Zaburi ya 96 na ya 98 zinaalika mashamba, miti, bahari na mito kushangilia, kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu dunia. Kwa mtu aliyeonewa, habari kwamba hakimu mwadilifu yuko njiani ni habari njema.

Manabii waliongeza onyo. Katika siku za Amosi walikuwepo watu walioitamani siku ya Bwana, wakidhani kwamba itakuwa adhabu kwa maadui zao na sherehe kwao wenyewe. Nabii aliwaambia kwamba kwao siku hiyo itakuwa giza, kwa kuwa walikuwa wakimkandamiza maskini huku wakimtolea Mungu sadaka nono (Am 5:18-24). Baadaye Kitabu cha Danieli kikaeleza waziwazi kwamba wafu watafufuka, wengine kwa uzima wa milele na wengine kwa aibu (Dan 12:2).

Katika Agano Jipya hakimu huyo ana uso na jina. Baba amemkabidhi Mwana hukumu yote (Yn 5:22). Atakayetuhukumu ni yule yule aliyezaliwa na Bikira Maria, aliyekula pamoja na watoza ushuru, aliyesulubiwa kwa ajili yetu na ambaye mikono yake bado ina alama za misumari. Mwinjili Yohane anaeleza pia kwamba Mungu hakumtuma Mwanaye ili auhukumu ulimwengu, bali auokoe. Hukumu inatokea pale nuru inapokuja na mtu akachagua kubaki gizani (Yn 3:17-21). Basi hukumu imekwisha kuanza, kwa maana kila siku tunachagua kusogea kwenye nuru au kuikimbia.

Hukumu ya binafsi

Kanisa linafundisha kwamba kila mtu, mara baada ya kufa, anapokea katika roho yake isiyokufa malipo ya maisha yake. Hiyo ndiyo hukumu ya binafsi, ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaieleza katika namba 1021 na 1022. Msingi wake uko katika Maandiko. Maskini Lazaro na tajiri aliyempuuza wanapokea kila mmoja sehemu yake mara baada ya kufa (Lk 16:19-31). Mhalifu aliyetubu msalabani anaahidiwa paradiso siku ile ile (Lk 23:43). Na Waraka kwa Waebrania unasema kwamba binadamu hufa mara moja tu, na baada ya hapo hukumu (Ebr 9:27). Kwa hiyo Mkristo hakubali imani ya kwamba mtu hurudi duniani katika mwili mwingine ili ajaribu tena. Maisha haya ni mamoja, na kwa sababu hiyo yana uzito.

Fundisho hili lilifafanuliwa zaidi katika karne ya 14. Papa Yohane XXII, aliyekuwa akikaa Avignon, alihubiri kuanzia mwaka 1331 maoni yake kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka baada ya hukumu ya mwisho. Hakuyatoa kama fundisho rasmi la kuwabana waamini, lakini mahubiri hayo yalizua mjadala mkubwa, na mwaka 1334, akikaribia kufa, aliyaacha maoni hayo. Mwandamizi wake, Papa Benedikto XII, alitoa tarehe 29 Januari 1336 hati iitwayo Benedictus Deus, akafundisha kwamba roho zilizokwisha kutakaswa zinamwona Mungu tangu sasa, hata kabla ya ufufuko wa miili. Tunapowaomba watakatifu watuombee, tunasimama juu ya imani hiyo: wao wako hai mbele ya Mungu, hawajalala usingizi.

Mbinguni, toharani na motoni

Anayekufa katika neema ya Mungu akiwa ametakasika kabisa anaingia mbinguni, yaani katika umoja kamili na Utatu Mtakatifu, pamoja na Mama Maria, malaika na watakatifu wote.

Anayekufa katika neema na urafiki wa Mungu, lakini bado ana madoa na mabaki ya dhambi, ana hakika ya wokovu wake, ila anapitia utakaso ambao Kanisa linauita toharani. Mtume Paulo anasema juu ya mtu ambaye kazi yake inateketea lakini mwenyewe anaokolewa kama kwa kupitia motoni (1 Kor 3:15). Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasimulia jinsi Yuda Makabayo alivyochanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari waliokufa, naye akasifiwa kwa kuwa alifanya hivyo kwa kuamini ufufuko (2 Mak 12:43-46). Mitaguso ya Lyon mwaka 1274 na ya Firenze mwaka 1439 ilithibitisha imani hiyo. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 uliithibitisha tena, na pia uliwaagiza maaskofu waondoe katika mahubiri juu ya toharani maswali yasiyojenga, ushirikina na tamaa ya fedha. Agizo hilo halijazeeka. Misa ya marehemu si biashara, na hakuna anayenunua nafasi mbinguni.

Anayekufa katika dhambi ya mauti bila kutubu, akiukataa upendo wa Mungu mpaka mwisho, anajitenga naye milele. Hali hiyo ya kujitenga ndiyo tunayoiita jehanamu. Mungu hamtengi mtu awaye yote kwa ajili ya motoni tangu awali. Anataka wote wafikilie toba (2 Pet 3:9). Hata hivyo hamlazimishi mtu kumpenda, kwa maana upendo wa kulazimishwa si upendo. Kanisa limewatangaza watu wengi kuwa watakatifu, lakini halijawahi kumtaja kwa jina mtu yeyote na kutangaza kwamba yuko motoni.

Hapa tunaweza kumjibu yule mjane. Hatujui kilichopita kati ya mumewe na Mungu katika dakika zile za mwisho. Tunajua kwamba majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, pamoja na nia thabiti ya kwenda kuungama itakapowezekana, huondoa hata dhambi ya mauti. Tunajua pia kwamba mhalifu wa msalabani alihitaji muda mfupi mno kutamka ombi lake. Kwa hiyo asiseme "amepotea", wala jirani asimwambie hivyo msibani, maana kiti cha hukumu kina mwenyewe. Amwombee, amtolee nia ya Misa, na alipe madeni aliyoyaacha marehemu kama anaweza. Tumaini lake si la kujifariji tu. Linategemea huruma ya Mungu, na huruma hiyo haina mipaka.

Kwa nini basi iwepo hukumu ya mwisho?

Ikiwa kila mtu amekwisha kuhukumiwa anapokufa, siku ya mwisho itaongeza nini? Je, Mungu atakata rufaa ya hukumu yake mwenyewe? La, hasha. Hukumu ya mwisho haibadilishi ile ya kwanza. Itaidhihirisha mbele ya wote na kuikamilisha, wafu watakapofufuka na mtu mzima, roho pamoja na mwili, kusimama mbele ya Kristo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatoa sababu ambayo kila mwenye akili timamu anaweza kuielewa. Anasema kwamba maisha ya mtu hayaishi yote siku anayokufa. Yanaendelea kwa namna fulani katika kumbukumbu za watu, na mara nyingi kumbukumbu hizo si za kweli: mwema hukumbukwa kwa ubaya na mbaya husifiwa. Yanaendelea katika watoto wake. Yanaendelea katika matokeo ya matendo yake, kama vile uzushi wa Ario ulivyoendelea kuwapoteza watu baada ya yeye kufa, na kama imani inavyoendelea kukua kutokana na mahubiri ya Mitume. Kwa kuwa matokeo hayo hayajakoma, hesabu kamili haiwezi kufungwa mpaka historia yenyewe ifungwe.

Tulete fundisho hilo karibu. Mtu amewadhulumu yatima shamba la baba yao, kisha akafa. Yeye ametoka duniani, lakini udhalimu wake haujatoka. Wale yatima wanakosa ada, mmoja anaacha shule, mwingine anahamia mjini na kuingia katika maisha mabaya, na watoto wao wanazaliwa katika umaskini usiokuwa wao. Kwa upande mwingine, mwalimu wa dini wa kigangoni alitembea kwa miguu miaka mingi akifundisha sala, akafa bila pensheni wala picha yake kutundikwa popote. Lakini mtoto aliyemfundisha amekuwa muuguzi mwenye huruma, na wagonjwa ambao mwalimu huyo hakuwaona kamwe wanahudumiwa kwa upendo. Nani anazijua nyuzi zote hizo, njema na mbaya, mahali zilikoanzia na mahali zilikofika? Ni Mungu peke yake. Siku ya mwisho atazionyesha zote, na sisi sote tutaona jinsi alivyoongoza mambo kwa haki hata pale tulipodhani amekaa kimya.

Hilo ndilo jibu kwa yule mzee wa shamba. Hapana, hayajaisha hivyo. Heshima za mazishi hazifungi faili mbele ya Mungu. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe salvi wa mwaka 2007, aliieleza hukumu ya mwisho kuwa shule ya tumaini, kwa sababu bila hiyo mateso ya waliodhulumiwa na kufa yangebaki bila jibu milele. Alikumbusha pia kwamba neema haifuti haki: mtesaji na mteswaji hawataketi katika karamu moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Mdhalimu anaweza kusamehewa, naam, lakini kwa kupita katika ukweli, ambao huunguza. Imani hii haimzuii mzee kudai haki yake kwenye baraza la ardhi au mahakamani. Inamzuia kulipiza kisasi, na inamzuia kukata tamaa.

Tutahukumiwa kwa kipimo gani?

Bwana mwenyewe amekwisha kutupa mtihani pamoja na majibu yake. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Mwana wa Adamu anaketi katika kiti cha utukufu wake, na mataifa yote yanakusanyika mbele yake. Anataja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo, na anajihesabu mwenyewe kuwa mmoja wa wenye shida hizo. Tukiisoma kwa makini tutaona mambo mawili yanayoshtua. Kwanza, pande zote mbili zinashangaa, kwa maana hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimhudumia au kumnyima Mfalme. Pili, waliowekwa kushoto hawashtakiwi kwa wizi wala uuaji. Wanashtakiwa kwa yale ambayo hawakuyafanya. Ndiyo sababu mwanzoni mwa Misa tunaungama pia kutotimiza wajibu. Kanisa huisoma Injili hiyo katika Sherehe ya Kristo Mfalme ya Mwaka A, sikukuu iliyowekwa na Papa Pio XI mwaka 1925, ili tuelewe kwamba mfalme tunayemshangilia amejificha katika watu tunaowapita njiani.

Kipimo hicho hakipuuzi imani, sakramenti wala Amri za Mungu. Kinaonyesha tunda lake. Mtakatifu Yohane wa Msalaba alifundisha kwamba jioni ya maisha yetu tutapimwa kwa upendo. Anayekomunika kila Dominika, kisha akamnyima mjakazi wa nyumbani mshahara wake, bado hajaelewa anampokea nani.

Tarehe, ishara na manabii wa uongo

Kristo alisema waziwazi kwamba habari ya siku ile au saa ile hakuna aijuaye ila Baba (Mk 13:32). Kabla ya kupaa mbinguni aliwakatalia Mitume wenyewe kujua nyakati, akawapa kazi ya kumshuhudia (Mdo 1:7-8). Wathesalonike walipofadhaishwa na uvumi kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, Mtume Paulo aliwaonya wasitikisike upesi, na waliokuwa wameacha kufanya kazi akawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Thes 2:1-3, 3:10-12).

Kanisa linafundisha kwamba kabla ya ujio wa Kristo kutakuwa na jaribio kubwa la imani (KKK 675). Lakini linakataa fundisho la kwamba Kristo ataanzisha kwanza ufalme wa kisiasa hapa duniani kwa miaka elfu moja kabla ya hukumu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 20 cha Mji wa Mungu, aliieleza miaka hiyo elfu ya Kitabu cha Ufunuo kuwa wakati wa Kanisa, na mwaka 1944 Vatikano ilitamka kwamba hata fundisho hilo likilegezwa haliwezi kufundishwa kwa usalama. Vivyo hivyo fundisho la unyakuo wa siri, linalosikika sana katika mikutano ya hadhara na redioni, si la Mababa wa Kanisa. Lilienea kuanzia karne ya 19 kupitia mahubiri ya John Nelson Darby. Kanisa linangojea ujio mmoja wa Kristo katika utukufu, utakaoonekana na wote.

Kupuuza mafundisho haya kumeigharimu Afrika Mashariki maisha ya watu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililohubiri mwisho wa dunia. Wengi wao walikuwa wamelelewa katika Kanisa Katoliki, na miongoni mwa viongozi wao alikuwemo aliyewahi kuwa padre. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu wazima na watoto. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa baada ya kuaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu. Tusiseme "hao walikuwa wajinga". Walikuwa watu wenye kiu ya Mungu, na kiu hiyo ilinyweshwa sumu.

Basi kijana aendelee na masomo yake. Anayekutajia tarehe anadai kujua ambacho Kristo alisema hakikuwekwa wazi kwetu. Anayekuambia uuze mali na kumkabidhi fedha, umtenge mwenzi wako wa ndoa, umnyime mtoto chakula au dawa, au uache kazi kwa sababu mwisho umefika, usimfuate, hata akitaja jina la Yesu katika kila sentensi. Mweleze paroko wako, na pale uhai wa mtu ulipo hatarini, toa taarifa kwa vyombo vya dola bila kuchelewa.

Tujiandae namna gani?

Maandalizi ya hukumu ni mambo ya kawaida yanayofanywa kwa uaminifu. Tufanye uchunguzi wa dhamiri kila jioni, na tukimbilie Sakramenti ya Upatanisho bila kungoja Pasaka, kwa kuwa kitubio ni hukumu inayotangulia, ambamo mshtakiwa anajishtaki mwenyewe na kutoka amesamehewa. Tumwite padre mapema mgonjwa anapokuwa bado na fahamu, ili apokee Mpako Mtakatifu na Komunyo ya safari ya mwisho. Wengi huogopa kwamba kumwita padre ni kumtabiria mgonjwa kifo, na hivyo humnyima neema wakati anapoihitaji zaidi. Turudishe tulichokichukua isivyo haki tungali hai, tuandike wosia ulio wa haki, tupatane na ndugu tusiosalimiana nao.

Tuwaombee pia marehemu wetu, hasa mwezi Novemba. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 ya mwezi huo, mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kupokea Komunyo Takatifu, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuwa na moyo uliojitenga na kila dhambi, hata iliyo ndogo. Kung'oa magugu kaburini ni jambo jema, lakini tusiondoke kabla ya kusali.

Wakristo wa kwanza walisali wakisema "Maranatha", yaani "Bwana wetu, uje". Walimwita hakimu wao aje upesi, kwa sababu walimfahamu. Nasi tutaweza kusali hivyo kwa amani kadiri tunavyozoea kukutana naye leo katika Neno lake, katika Ekaristi na katika mwenye njaa aliyeketi mlangoni petu. Siku ile atakapokuja kwa utukufu, asiwe mgeni kwetu.